Saundi ya filamu ukishuti Lamu: adhana, kusi, punda, na friji ya bibi

Watu wakija kushuti Lamu wanafikiria picha tu, milango ya nakshi, majahazi, jua linavyozama kule Shela, halafu mtu anarudi nyumbani anafungua laptopu anasikiza yale maneno aliyorekodi, anashika kichwa. Mi kazi hii ya saundi nimekaa nayo muda sasa, nimeshika maiki kwenye vichochoro vya Langoni na Mkomani mpaka mabega yakafa ganzi, nimeediti maigizo ya vijana wa hapa na dokumentari za wageni, na kabla sijaingia kwenye vifaa nataka tuelewane jambo moja: kelele yenyewe sio adui. Mtazamaji anavumilia upepo, anavumilia injini ya boti, punda pia anamvumilia. Asichovumilia ni kelele inayorukaruka, yaani huyu akiongea boti inasikika nyuma yake, kamera ikigeuka kwa mwenzake boti imekufa, ikirudi kwa yule wa kwanza boti imefufuka. Hapo hata mtu ambaye hajui maiki ni nini atakwambia hii filamu ni ya bei rahisi, ila hatajua kwa nini amesema hivyo.

Karibu kila kitu nitakachoandika hapa chini ni njia ya kuzuia huo mruko.

Nenda kasikize kwanza

Siku moja au mbili kabla ya kushuti nenda mahali penyewe, saa ile ile mtakayoshuti, kaa barazani nusu saa ufumbe macho. Wenye nyumba watakuona kichaa, waache. Andika unachosikia: jenereta ya hoteli, watoto wa madrasa, seremala na mashine yake ya randa, kunguru, boti zinazopita kwenda Manda na kurudi. Ukimjua seremala utamfuata umuombe asimamishe mashine dakika ishirini, na mara nyingi atakubali ukimfuata kwa adabu mapema, sio ukimpigia kelele kutoka darini wakati waigizaji washaanza kulia machozi.

Bahari nayo usiisahau. Sini ya pwani ukiianza asubuhi maji yamejaa, yanapiga ukuta, ukaimalizia mchana maji yamekupwa, hizo ni bahari mbili tofauti kwenye sikio, na kama ni wakati wa bamvua ndio zaidi. Muulize nahodha yeyote pale gatini atakwambia saa za maji, au angalia jedwali la maji kwenye simu, halafu mlazimishe dairekta amalize upande mmoja wa mazungumzo na ule wa pili maji yakiwa kwenye hali moja.

Adhana. Mji wetu misikiti iko karibu karibu, muadhini mmoja akifika katikati mwingine ndio anaanza, kwa hiyo hesabu dakika kadhaa, sio moja. Usishindane nayo. Na usimtume mtu akaulize kama spika inaweza kupunguzwa, hilo niliwahi kuliona likifanywa na kikosi kimoja nilichokuwa nacho, tukaondoshwa pale kwa maneno matamu sana lakini tukaondoka. Panga mapumziko wakati huo, wanaoswali wakaswali, wengine wanywe chai. Kama hadithi inataka adhana, basi irekodi peke yake, nzima, ukiwa darini, uje uitandike chini ya sini yote bila kuikata kata, manake mtazamaji wa pwani anaijua adhana neno kwa neno na ukiruka kipande atashtuka kuliko ukimrukishia picha. Na jamani, angalieni ni adhana ya saa ngapi. Ile ya alfajiri ina maneno yake ya ziada ya kwamba swala ni bora kuliko usingizi, sasa wewe uichukue uiweke kwenye sini ya magharibi watu wanakunywa kahawa, Lamu nzima itakucheka mpaka Pate wasikie.

Upepo

Wageni hawaujui upepo wetu. Kusi ikikaza, tuseme mwezi wa saba, ufukwe wa Shela haufai kwa mazungumzo kama maiki haina koti la manyoya. Ule mpira wa sponji unaokuja na maiki ni wa ndani ya nyumba tu, nje hausaidii, upepo unapita kama haupo. Nunua lile koti la manyoya marefu, na kama huna pesa kuna washonaji watakushonea kwa kitambaa cha manyoya bandia, muhimu ni manyoya yenyewe yawe marefu na kitambaa kisiwe kizito cha kuziba sauti. Halafu tumia akili, simama upande ambao mwili wako au ukuta unakinga upepo. Kaskazi nayo ina vurugu zake lakini kusi ndio mwenyewe. Upepo ukishagonga utando wa maiki ukavuma vile VUUU hakuna programu itakayokurudishia yale maneno.

Kusogea ni bora kuliko maiki ghali

Umbali ukizidi mara mbili, sauti ya muigizaji inashuka kama desibeli 6, lakini kelele za mji ziko pale pale. Ndio maana maiki ya bei ndogo iliyo shibiri mbili kutoka kichwani inaishinda ya laki iliyosimama mita tatu juu ya kamera. Shika fimbo ya maiki juu, nje ya fremu, uielekeze maiki kifuani kwa muigizaji, sio kwenye paji la uso.

Nyumba zetu za mawe zina tatizo lake. Vyumba virefu vyembamba, dari juu, kuta zimepigwa chokaa laini, sauti inazunguka mle kama iko kisimani. Macho yanapenda, masikio hayapendi. Kabla ya kurekodi tundika mablanketi na magodoro upande ambao kamera haioni, tandika mikeka chini, funika zile zidaka, vile vishimo vya ukutani, kama hazimo kwenye picha. Mwangwi ukishaingia kwenye rekodi ni kama chumvi iliyozidi kwenye mchuzi, utaupunguza makali lakini utaujua upo.

Maiki ndogo za nguoni zinawekwa kifuani, kama shibiri moja chini ya kidevu. Hapa kwetu kazi iko kwenye nguo. Buibui la kitambaa cha polista linapiga kelele kila mama akivuta pumzi, kwa hiyo usiitundike maiki ikaning'inia, ibane kwa tepu pande zote mbili nguo isiwe na nafasi ya kujisugua juu yake, na waya uache kitanzi kidogo uukaze kwa tepu, ili waya ukivutwa mtikisiko uishie pale kwenye kitanzi. Awepo dada kwenye kikosi wa kuwafunga kina mama, hili sio la kujadili. Wanaume waliovaa kanzu ni rahisi zaidi, na kama amevaa kofia ya viua basi umepata dawa, ficha maiki kwenye ukingo wa mbele wa kofia, inakaa karibu na mdomo na haisuguliwi na chochote. Nilishurutishwa na shida kujaribu hivyo, siku hizi ndio kitu cha kwanza ninachouliza: mzee anavaa kofia?

Rekoda weka faili la WAV, lile lisilobanwa, 48 kHz, biti 24. Ile 44.1 ni ya sidii za muziki, video dunia nzima inaenda na 48. Mtu akiongea kwa nguvu zake za kawaida vilele vya sauti kwenye mita vifike karibu na desibeli -12, akipayuka awe na nafasi ya kupayukia. Kuna rekoda siku hizi za biti 32 float ambazo sauti haipasuki hata muigizaji akipiga ukunga, ukiipata ni raha, lakini haikuzuii kuvaa hedifoni. Vaa hedifoni. Simu zote ziwe hali ya ndege.

Sasa friji. Friji inavuma, lazima izimwe. Tulikuwa kwenye nyumba ya bibi mmoja, nikamuomba, akasema, "Zimeni wanangu, lakini nguru wangu asije akaoza humo." Tukazima. Tukashuti mpaka jioni, tukapakia, tukaaga, kila mtu kwake. Kesho yake kurudi bibi ametoa mfuko wa nguru ameuweka mezani karibu na mlango, hakusema neno, ametuwekea tuone. Tulilipa samaki na aibu juu yake. Tangu siku ile nikizima friji ya mtu, funguo zangu za nyumbani naziweka ndani ya friji hiyo hiyo, siwezi kwenda kulala bila kuifungua.

Vitu viwili ambavyo kila mtu anavisahau. Cha kwanza ni hewa ya chumba. Mkimaliza sini, kabla mtu hajasogeza hata kiti, watu wote wabaki walipo wanyamaze, urekodi dakika moja ya ukimya wa mahali hapo kwa maiki ile ile. Watu watacheka, watakohoa, mwanzishe tena. Hiyo dakika ndio uzi wa kushonea kila kitu baadaye. Cha pili ni kupiga klapa, kile kibao ambacho mlio wake baadaye unalinganisha sauti na picha, au makofi kama klapa huna, mbele ya kamera na karibu na maiki. Nasema karibu kwa sababu sauti inatembea kama mita 340 hivi kwa sekunde na kwa fremu 25 kila fremu ni milisekunde 40, kwa hiyo klapa ikipigwa mita 14 mbali na maiki ushachelewa fremu nzima na bado hujaanza kuediti.

Mezani

Programu: DaVinci Resolve ya bure ina ukurasa wa Fairlight ndani yake, unaediti picha na saundi mahali pamoja, kwa anayeanza inatosha na inabaki. Reaper nayo nzuri, nyepesi kwa laptopu ya zamani, unaijaribu siku 60 kabla ya kuinunua. Audacity kwa kusafisha klipi moja moja. Msibishane sana kuhusu programu.

Anza na mazungumzo, muziki uufungie kabatini. Linganisha klapa na picha, kisha tenganisha watu, kila muigizaji treki yake, na kama huyo huyo muigizaji ana klipi zenye kelele tofauti mpe hata treki mbili. Sasa tandaza ile hewa ya chumba chini ya sini nzima, kila pengo ulilokata lizibwe na hewa, usiache hata nusu sekunde ya ukimya mtupu, manake ukimya mtupu kwenye filamu unasikika kama stima imepotea. Kila mkato uuwekee fedi fupi ya fremu mbili tatu, sauti moja ififie nyingine ikipanda, kuvuka kutoka klipi hadi klipi. Na sauti isikatwe pale pale picha inapokatwa: acha maneno ya mama yaanze wakati bado tunamuangalia mwana, au ya mwana yaendelee tukiwa tushahamia kwa mama. Sikio likitangulia, jicho linafuata bila kugundua mkato.

Boti imepita kwenye teki ya mama tu, kwa mwana haipo? Usihangaike kuifuta. Tafuta sauti ya boti uliyorekodi siku hiyo, iweke ipite pole pole kwenye mazungumzo yote, ianze kabla na iishe baada, basi, umeshageuza kasoro ikawa mji.

Kusafisha kunataka mkono mwepesi. Kata chini ya hezi 80 kwa sauti za watu, mle hamna maneno, mna mitetemo ya upepo na injini tu. Mvumo wa stima kwetu uko hezi 50 na watoto wake 100 na 150, hizo zikate kwa mkato mwembamba. Kama sauti imekuwa ya pipa punguza kidogo kwenye 200 hadi 400. Ile ifekti ya kuondoa kelele, ichukulie sampuli ya hewa ya chumba, punguza desibeli 6 usikize, ukihitaji tena pitisha mara ya pili kidogo kidogo. Ukipiga 24 kwa pigo moja muigizaji atasikika kama anaongea ndani ya mtungi wa maji. Bora kelele kidogo iliyotulia kuliko mtu aliyegeuka roboti.

Kutengeneza sauti zenyewe

Hapa ndio raha. Sauti za miguu, nguo, vyombo, zinaigizwa upya mezani mbele ya picha, wazungu wanaiita foli kwa jina la Jack Foley aliyekuwa akiifanya studio ya Universal kule Marekani filamu zilipoanza kusema mwishoni mwa miaka ya 1920. Kila mtu atakwambia kwato ni vifuu vya nazi. Kweli, lakini vifuu vitupu ni farasi, na mimi nilishawahi kumpeleka farasi mzima kwenye kichochoro cha Lamu, mtoto wa miaka saba akanisahihisha. Punda ni mwepesi, hatua zake fupi na kavu, kwa hiyo chukua vifuu vidogo, vijaze matambara, gonga kwenye sakafu ya saruji na mchanga kidogo juu yake, na usigonge kwa mpangilio kama ngoma, punda hana haraka ya mtu. Mlio wa punda wenyewe usiuigize, toka nje tu ungoje.

Mlalamiko wa mbao za jahazi nimeutoa kwenye kitanda cha kamba cha nyanya yangu, nikakikalia nikayumba, nikapunguza kasi ya rekodi nusu, kikawa chombo kizima kiko baharini. Tanga ni shuka nzito ya marekani ukiikung'uta. Makasia ni karai la maji na kipande cha ubao. Mchanga wa Shela ujaze beseni uupeleke chumba kimya, utembee ndani yake kwa mikono.

Kisha mazingira, na haya yapange kwa umbali: cha mbali, cha kati, cha karibu. Nitatoa mfano. Sini ya mama amekaa dakani jioni, mwanawe anarudi kutoka pwani. Mbali niliweka bahari, ndogo kabisa, karibu huisikii. Kati, watoto wanacheza kichochoro cha pili na mtu anagonga msumari. Karibu, jirani anatwanga, kinu na mchi, tu, tu, tu, haonekani kwenye picha na hatajwi. Kinu kile kimeendelea toka mwanzo wa sini mpaka mtazamaji amekisahau. Mwana anasema, "Mama, dau halijarudi." Mchi unasimama. Sikuongeza muziki, sikuongeza radi, nilitoa tu kitu kimoja kilichokuwepo. Dairekta alitaka violini pale, tukavutana siku mbili, mwisho akasikiza kwa spika kubwa akanyamaza.

Sauti za kupakua ziko, tovuti ya Freesound imejaa, lakini soma leseni ya kila faili, nyingine zinataka umtaje aliyerekodi na nyingine haziruhusu biashara. Na kunguru wa London sio kunguru wa Lamu. Tembea na rekoda.

Mwisho, kupima na kutoa

Mazungumzo ndio mwenye nyumba, mengine wageni. Kompresa, ile ya kubana sauti zinazozidi, kiasi cha tatu kwa moja ikishika desibeli chache tu inatosha, muziki ushuke mtu akifungua mdomo. Kama unachanganya 5.1, yaani spika tano na moja ya besi, maneno yaweke spika ya kati. Ukubwa wa jumla unategemea unapeleka wapi: kipimo cha utangazaji cha Ulaya ni -23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia) na vilele visizidi desibeli -1, Netflix wanataka -27 ikipimwa kwenye mazungumzo na vilele -2, YouTube wenyewe watakushusha ukizidi karibu -14. Kituo cha televisheni kiulize karatasi yake ya masharti kabla hujaanza kuchanganya, sio usiku wa kutuma. Mita ya kupimia iko humo humo ndani ya Fairlight.

Toa mafaili manne: mchanganyiko mzima, maneno peke yake, muziki peke yake, ifekti na mazingira peke yake. Hayo mawili ya mwisho yakiunganishwa ndio yatakayotumika siku filamu ikitiwa sauti za lugha nyingine, na hapo ndio utafurahi uliigiza nyayo zote, kwa sababu zile za kwenye seti zinaondoka pamoja na maneno.

Kabla ya kutuma isikize kwa hedifoni, kwa televisheni ya sebuleni watu wakipiga soga, na kwa simu ukiwa umekaa gatini boti zinapakia abiria. Ukiyapata maneno yote pale gatini, tuma.